Nafasi ya Mchi wa Pili

Mchi wa pili hufuata wa kwanza. Neno hili mmelisikia leo matangani, kutoka kwa mama yake Rajabu, mwenzenu aliyefiwa na baba, alipowaona mnamzonga mwanawe kwa "jikaze, jikaze," nanyi mkadhani mama wa watu anazungumzia mapishi. Sasa mmekuja kwangu kuuliza. Haya, ketini, na huyo anayetafuna muwa atafune polepole, maana mimi sitaki kushindana na meno. Chanzo cha methali hii ni kisa cha wanawake wawili na kinu kimoja.

Zamani za bibi wa bibi zenu, huko Kwemkole, hapakuwa na mashine ya kusaga. Mashine ilikuwa mikono. Kila nyumba ilikuwa na kinu chake uani, na kila kinu kilikuwa na michi miwili, hata kama nyumba ina mwanamke mmoja tu. Ndiyo desturi ilivyotaka. Mwanamke wa Kwemkole hakuachwa atwange peke yake. Ukipita njiani ukasikia mwenzio anatwanga, unatua ulichobeba, unashika mchi wa pili, unaingia. Huombi ruhusa wala husalimii. Salamu zilikuja baadaye, mkishapumua.

Lakini palikuwa na sheria, na kila msichana alifundishwa sheria hiyo kabla hajafundishwa kusonga ugali. Aliyeanza ndiye mwenye mwendo. Akipiga polepole, nawe polepole. Akikaza, nawe kaza. Mchi wako hushuka pale wa kwake unapopanda. Ukijitia ujuzi ukaenda mbio zako, michi itagongana, na kugonganisha michi kulikuwa aibu ambayo wifi zako wangekukumbusha hata siku ya harusi yako.

Na palikuwa na mwiko pia: kinu kitupu hakitwangwi. Walisema anayetwanga kinu kitupu anaita njaa. Mie sijui kama njaa ina masikio, lakini watu wa Kwemkole waliamini hivyo, na mkumbuke jambo hilo, maana litarudi.

Katika kijiji hicho alikuwako mwanamke jina lake Semeni, na jina lilikuwa limempata mwenyewe. Ulimi wake haukujua kupumzika. Angeketi karibu na jiwe, jiwe lingeondoka na habari zote za kijiji. Hakuwa na ubaya. Alikuwa mtu wa watu, wa kwanza kufika penye harusi na wa kwanza kufika penye msiba, na kote huko aliamini kwamba hakuna jambo linaloshinda maneno mengi yaliyosemwa kwa upendo.

Shoga yake wa tangu utoto alikuwa Mwajabu, mke wa Mbaruku. Huyo alikuwa kinyume chake, mtu wa maneno machache na kicheko cha chini. Mwajabu na Mbaruku walijaliwa mtoto mmoja tu, binti aitwaye Saumu. Tangu binti huyo alipoweza kunyanyua mchi, hakuna mtu mwingine aliyeingia kwenye kinu cha Mwajabu, maana nafasi ilikuwa imejaa. Mama akipiga, mwana anapokea. Na Saumu alikuwa na tabia ya kuchelewa kidogo, kama mtu anayetaka kucheka kwanza ndipo apige. Wapita njia walisimama nje ya ua kusikiliza, kisha wakaenda zao wakiwa wamechangamka.

Masika moja ikaja na homa. Saumu aliamka akilalamika kichwa, na mahindi aliyoyaanika mwenyewe uani hayakuwa yamekauka alipozikwa.

Watu wa Kwemkole hawakuwa watu wabaya, nataka mlielewe hilo. Walikuja wote. Walipika, walichota maji, walilala kwenye mikeka sebuleni kwa Mbaruku, walilia mpaka sauti zikakauka. Mwajabu peke yake hakulia. Aliketi akatazama mlango. Watu wakamsifu, wakasema mama huyu ana subira ya ajabu. Semeni naye alimsifu, tena kwa sauti. Kisha tanga likaanuliwa, mikeka ikakunjwa, na kila mtu akarudi shambani kwake, maana magugu hayajui msiba.

Kesho yake ndipo sauti ilipoanza. Du. Kimya. Du. Kimya. Semeni alikuwa akipalilia karibu na nyumba ya Mbaruku, akatupa jembe akakimbia. Alimkuta Mwajabu uani amesimama mbele ya kinu, anatwanga. Akachungulia ndani ya kinu. Hakikuwa na kitu, hata punje.

"Shoga yangu, unatwanga nini?"

Mwajabu hakumtazama. Aliinua mchi, akaushusha, akangoja, akauinua tena.

Basi Semeni akafanya kile alichokijua. Akamwambia kazi ya Mungu haina makosa. Akamwambia wewe si wa kwanza kuzika, mtazame mama Tabu aliyezika watoto wengi na bado anacheza ngoma. Akamwambia jikaze, mumeo anakutazama wewe, nawe ukianguka ataegemea wapi? Akamwambia kilio si dawa, ingawa mwenzake hakuwa analia. Alisema mpaka koo likamkauka, akarudi nyumbani akiamini amefanya kazi.

Siku zilizofuata wakaja wengine. Mmoja alileta kombe, maji yaliyooshea maandishi ya dua, anywe. Mmoja alimwambia azae mwingine, kana kwamba mtoto ni chungu, kikivunjika unafinyanga kingine. Mmoja alimkemea kwa kumkufuru Mungu. Wote walikuwa na maneno, na wote walikuwa na haraka. Mwajabu aliwasikiliza kama mtu anavyosikiliza mvua ya jirani, kisha wakiondoka alirudi kwenye kinu. Du. Kimya. Du. Kimya.

Mvua ya vuli ilipochelewa, manung'uniko yakaanza. Mtu anatwanga kinu kitupu, wakasema, mnategemea mvua itoke wapi? Mzee Mhando, kaka mkubwa wa Mbaruku na msemaji wa ukoo, akawaita watu barazani kwake. Alikuwa mtu wa haki, lakini haki yake ilikuwa ngumu kama kisigino. Akauliza lifanyike nini. Na ni nani mwingine wa kujibu kabla watu hawajafikiri?

"Niachieni mimi," Semeni akasema. "Nitaichukua ile michi yote miwili nikaiweke kwangu. Asipoiona atasahau, na akisahau atapona."

Watu wakaona ni shauri jema. Semeni akaenda wakati Mwajabu yuko kisimani, akaibeba michi begani, wa mama na wa mwana, akaisimamisha nyuma ya mlango wake. Kweli sauti ikakoma. Semeni akajipongeza.

Kumbe alikuwa ameziba mdomo wa mtu akadhani amemponya. Mwajabu alirudi na mtungi wake, akakitazama kinu, akaingia ndani, akajilaza akiuelekea ukuta. Chakula kilipelekwa kikarudi kama kilivyokwenda. Nywele hazikusukwa. Hata jina lake likiitwa, alichelewa kugeuka, kama mtu anayeitwa kutoka ng'ambo. Na adhuhuri moja Mbaruku alirudi kutoka shambani akakuta kitanda kitupu. Alimpata mtoni, amesimama ndani ya maji mpaka kiunoni, na mto siku hizo ulikuwa umeanza kujaa kwa mvua za mlimani.

"Unafanya nini humu, mke wangu?" akamuuliza, huku ameshamkamata mkono.

"Nasikiliza," Mwajabu akajibu. "Nyumbani kumekuwa kimya mno."

Mbaruku alimleta nyumbani amembeba, na alilia njia nzima bila kujali nani anamwona.

Hapo ndipo Mzee Mhando alipokata shauri. Ng'ambo ya mlima alikuwako mganga aliyepokea watu waliorukwa na akili. Aliwafunga miguu kwenye mkatale, gogo zito lililotobolewa matundu, akawafukiza dawa puani mpaka, kama alivyosema mwenyewe, mashetani yachoke. Baadhi walirudi. Wengi hawakurudi, na waliorudi hawakupenda kuhadithia. Mahindi yakatiwa kwenye kapu kubwa yawe ada ya mganga, kamba ikasokotwa, vijana wa kumsindikiza wakachaguliwa. Safari ikapangwa asubuhi ya Jumamosi. Mbaruku aliinamisha kichwa. Alikuwa amewaona watu wote wameshindwa, na zaidi ya yote aliuogopa ule mto.

Wanawake waliambiwa watayarishe chakula cha njiani, na sehemu ya unga ikamwangukia Semeni. Alitoka uani kwake asubuhi hiyo bila neno, na kuku wenyewe walishangaa. Mchi wake mmoja ulikuwa umepasuka na mwingine umeazimwa, basi akaingiza mkono nyuma ya mlango akatwaa wa Mwajabu. Akamwaga mahindi, akaanza. Lakini akili haikuwa kwenye unga. Ilikuwa kwa shoga yake, kwenye miguu ile aliyokimbia nayo utotoni, ambayo kabla jua halijachwa ingekuwa ndani ya gogo. Mikono nayo ikaifuata akili. Bila kujua alikuwa anapiga kama alivyokuwa akipiga Mwajabu. Du. Kimya. Du. Kimya.

Ghafla mchi mwingine ukashuka ndani ya kinu, pale penye kimya.

Semeni aliruka nusura aangushe kinu. Alikuwa mama mkwe wake, Bi Nakijwa, kikongwe aliyekuwa akilalamika magoti tangu alfajiri. Alikuwa ameuchukua ule mchi wa pili nyuma ya mlango, mchi wa Saumu.

"Mama! Umenitisha. Nani kakwambia uje?"

"Nani aniambie?" Bi Nakijwa akajibu kwa ukali. "Si wewe umeniita? Mtu ukipiga ukamwachia mwenzio nafasi namna hiyo, ulitaka nani aingie, kuku?"

Semeni akabaki ameushika mchi. Kisha akaketi chini penye pumba, akalia. Kwa mara ya kwanza tangu Saumu afe alilia bila kusema neno. Alikuwa amesikia, jamani. Muda wote ule Mwajabu hakuwa akitwanga kinu kitupu. Alikuwa akipiga na kuacha nafasi, anapiga na kuacha nafasi, na kijiji kizima cha watu waliolelewa kuingia penye nafasi kilipita, kikasimama, kikatoa mawaidha. Na yeye, Semeni, ndiye aliyempokonya hata ile sauti ya kuitia.

"Mama, nipe huo mchi," akasema.

"Na unga wa safari?"

"Safari haipo."

Alijitwika michi yote miwili begani akatoka mbio. Ilimbidi apite mbele ya baraza ya Mzee Mhando, na wazee walikuwa wamekwisha kukusanyika, kapu la mahindi liko katikati, kamba imelala juu ya kapu.

"Semeni!" Mzee Mhando akaita. "Unakwenda wapi na michi hiyo? Si wewe uliyesema asiione?"

"Ni mimi, Mzee. Nilikosea."

Wazee walitazamana. Walikuwa wamemsikia Semeni akisema mambo mengi katika maisha yake, lakini hilo lilikuwa geni.

"Na sasa umekuja na lipi?"

"Sina neno, Mzee. Yamekwisha."

Akapita. Mzee Mhando alinyanyuka, akatwaa fimbo yake na ile kamba, akamfuata, na wengine wote wakamfuata yeye, kapu likiwa kichwani kwa kijana mmojawapo. Wanawake walioona msafara ule wakaacha vyombo wakafuata pia.

Uani kwa Mbaruku kinu kilikuwa pale pale, utando wa buibui umefunga mdomo wake. Semeni akaufuta kwa upindo wa khanga. Mchi wa Mwajabu akauegemeza penye kizingiti cha mlango, mahali ambapo mtu akitoka lazima auone. Ule wa Saumu akaushika mwenyewe. Mkono ukamwasha. Alitaka kupiga. Alitaka kutwanga kwa nguvu zake zote ili shoga yake asikie atoke. Aliuinua mchi, ukafika juu, na hapo ndipo lile fundisho la utotoni lilipomjia, lile la kabla ya kusonga ugali. Huu mkononi mwangu si mchi wa kwanza. Mwendo si wangu.

Akaushusha taratibu. Akasimama akangoja.

Na kungoja kule, wajukuu zangu, kwa mwanamke kama Semeni, kulikuwa kazi kuliko kulima ekari nzima. Maneno yalimjaa mdomoni. Aliyameza, yakarudi, akayameza. Watu ukutani walinong'ona. Jua lilipanda, kivuli cha kinu kikafupika. Mbaruku alisimama kando ya mlango, hajui amwombe nani. Mzee Mhando akakohoa, akasema jua linawaacha, safari ni ndefu, vijana waingie wamtoe. Vijana wawili wakasogea.

"Kaka," Mbaruku akasema, akasimama mlangoni. "Huyu ni mke wangu. Mmeshasema ninyi wote, na mimi nimesikiliza. Sasa ngojeni pamoja na huyu aliyenyamaza hapo kinuni."

Vijana wakasita. Na katika kimya kile, nyuma ya mgongo wa Mbaruku, miguu ikasikika ikiburuta. Mwajabu alitokea mlangoni, amekonda, macho yanaogopa mwanga. Aliuona mchi wake. Akaugusa kwanza, kama mtu anayemgusa ndugu aliyerudi safari. Akaushika. Hakumtazama mtu yeyote, akaja mpaka penye kinu, akauinua, akaushusha.

Du.

Semeni aliikosa nafasi ya kwanza. Ikapita kabla hajainua mchi.

Du.

Mchi wa Saumu ukashuka, ukaingia pale penye kimya.

Mwajabu akasimama na mchi wake juu. Uso wake ulibadilika, ukawa mkali. Ndipo akasema, na sauti yake ilikuwa imeingia kutu kwa kutotumika.

"Usinikimbize."

"Sikukimbizi," Semeni akajibu. "Mwendo ni wako. Mchi wa pili hufuata wa kwanza."

Mwajabu akapiga. Semeni akapokea. Akapiga, akapokea. Mwajabu akapunguza mwendo mpaka karibu kusimama, Semeni naye akapunguza. Akakaza ghafla kama mwenye hasira, naye akakaza. Michi haikugongana. Nyuma watu walikuwa wakilalamika kinu kitupu, kinu kitupu, lakini Mbaruku aliwageukia kwa macho ambayo hawakuwahi kuyaona kwake, wakanyamaza.

"Saumu alikuwa akichelewa kidogo," Mwajabu akasema, mchi ukiendelea.

Huko nyuma Semeni angemjibu kwamba Saumu yuko pema, angemwambia asimwaze. Safari hii aliuliza tu, "Na mimi nichelewe?"

Mwajabu akafikiri. Akapiga, akafikiri.

"La," akasema. "Kuchelewa kulikuwa kwa Saumu. Wewe piga kama Semeni."

Na hapo machozi yakamtoka. Hakuacha kutwanga. Alilia huku anatwanga, akilitaja jina la mwanawe kila mchi ulipopanda, na kilio chake kilisikika mpaka mashambani, kilio kilichokuwa kimefungiwa tangu masika. Mwanamke mmoja akasogea kumfuta na kumwambia nyamaza, basi, nyamaza. Semeni, mikono yake ikiwa kazini, alimtolea jicho moja, mwanamke akarudi nyuma. Hakuna aliyesema jikaze. Wengine wao walianza kulia pia, kwa ajili ya Saumu na kwa ajili ya watu wao wenyewe waliowazika haraka wakarudi kwenye magugu.

Kilio kilipopungua, mwendo nao ukapungua. Mwajabu akauegemeza mchi begani, akapumua. Akainama akachungulia ndani ya kinu. Kisha akainua uso, na kwa mara ya kwanza akamtazama shoga yake machoni.

"Semeni," akasema, "mbona hiki kinu hakina kitu?"

Kama mngemwona Semeni! Alikuwa na majibu mia mdomoni, yanasukumana kama watu kwenye mlango wa harusi. Akayashinda yote.

"Kinu ni chako," akasema. "Unataka kutwanga nini?"

"Mahindi, kwani hapa hutwangwa nini?" Mwajabu akajibu. "Leteni mahindi. Nina njaa."

Mbaruku ndiye aliyetangulia kusogea. Alimfuata yule kijana, akalishusha kapu kubwa kichwani kwake, akalibeba mpaka penye kinu.

"We Mbaruku!" Mzee Mhando akapaza sauti. "Hayo mahindi ni ya mganga!"

"Ndiyo, kaka," Mbaruku akasema, naye anamimina. "Na waganga si hawa hapa!"

Mahindi yakaingia kinuni kwa kishindo, mengine yakamwagika nje, kuku wakaja mbio, na kigelegele kikapasuka kutoka kwa Bi Nakijwa, ambaye magoti yalikuwa yamemruhusu kufika wakati mzuri. Wengine wakapokea kigelegele hicho. Kila mwanamke aliyeweza kukimbia akaenda kuleta kinu chake na michi yake, wakavipanga uani kwa Mbaruku, wakatwanga ada yote ya mganga. Mwajabu alianza, wote wakafuata. Wanasema ardhi ya Kwemkole ilitikisika. Mzee Mhando alisimama na kamba mkononi, hana la kuifanyia. Mwishowe akamfunga jogoo wake mwenyewe miguu, akampeleka jikoni, na huko ndiko kuomba radhi kwa wazee wa namna ile.

Ugali uliliwa mchana ule na kijiji kizima. Mwajabu alikula tonge chache, na tonge hizo zilitazamwa kuliko harusi.

Sasa msiniulize kama alipona siku hiyo hiyo. Msiba si mwiba, ukichomolewa basi. Zilikuwako asubuhi ambazo Mwajabu alitoka anataka kutwanga mbio, na nyingine alitaka polepole, na nyingine alikaa tu kando ya kinu hataki kugusa kitu. Anayefika alifuata. Akitwanga, walitwanga. Akitaka kumzungumzia Saumu, walimzungumzia, tena kwa jina. Akiketi, waliketi, hata Semeni, ambaye watu walianza kusema anajifunza kunyamaza uzeeni. Na siku zile mbaya zaidi, walihakikisha hakuna saa anayobaki peke yake na ule mto.

Msimu wa mavuno uliofuata palikuwa na harusi kubwa, na unga wa harusi ulihitaji mtu wa kuongoza vinu. Walipomtafuta wa kuanza, hakuna aliyeuliza ni nani. Mwajabu alisimama katikati na mchi wake, Semeni upande wa pili na mchi wa Saumu, na alipopiga pigo la kwanza, vinu vyote vya Kwemkole vikapokea. Alicheka siku ile. Kicheko kile cha chini, watu walikisikia wakatupa michi wakamkumbatia, unga wa watu nusura umwagike.

Na neno lenyewe je, lilipataje kuwa methali? Alilifanya methali Mzee Mhando. Miaka ilipita, mkewe akafariki, na mzee yule mgumu akawa anaketi barazani anasokota kamba. Anasokota, anaifumua, anaanza upya. Wanawe walimwambia baba pumzika, baba jikaze, wewe ni mwanaume. Mwajabu alikuja, akaketi mkekani pembeni yake bila salamu ndefu, akashika ncha ya pili ya kamba. Mzee akisokota, naye anasokota. Akifumua, anafumua. Jua lilipokuwa linainama, mzee akaanza kumzungumzia mkewe, namna alivyokuwa akimnyima chumvi kwa makusudi wakigombana. Alizungumza, akalia, akacheka. Wanawe walipomuuliza Mwajabu alitumia dawa gani, baba yao akajibu kabla hajaulizwa yeye: "Mchi wa pili hufuata wa kwanza. Ninyi mlikuja na michi, mkataka kunitwangia mwendo wenu."

Tangu hapo ikasemwa Kwemkole, ikavuka mlima, ikafika hapa kwetu.

Haya. Mliniambia mmemwacha Rajabu anapanga matofali aliyoyafyatua marehemu baba yake, anayapanga, anayapangua, anayapanga tena, nanyi mkamwambia aache, hayo matofali hayajengi kitu. Si ndiyo? Basi nyanyukeni, jua bado lipo. Muwa huo uacheni hapa. Nendeni uani kwao, msimhubirie, msimfiche tofali hata moja. Akipanga, pangeni. Akipangua, pangueni. Akimtaja baba yake, mtajeni naye. Na atakapowauliza ninyi kwamba hivi tunajenga nini, hapo ndipo mtakapojua mmefika.

Mchi wa pili hufuata wa kwanza.